Mashine ya Tui Kutoka Bungu

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani. Sijui nani alifikiri mtu aliyestaafu ana pa kuwahi, lakini nimeitundika na inakwenda vizuri. Mmoja wenu akaniomba niandike machache kuhusu kazi yetu, nikaahidi kama watu wanavyoahidi kwenye sherehe wakiwa wameshika sahani. Sasa niko kwetu Mtunda, korosho bado hazijaanza kudondoka, na sina kisingizio.

Vyeo sitavitaja. Mishahara tulikwisha kuilalamikia pamoja vya kutosha. Nitaandika yale ninayoyakumbuka bila kujilazimisha, na mengi ni ya watu na vyombo vya jikoni.

Nilianza kazi nikitokea chuoni, nikiwa na shahada ya uhandisi wa mitambo na viatu vipya vilivyonibana. Nilidhani ofisi ya hataza ni mahali ambapo mashine zinaletwa zikinguruma, sisi tunazizunguka na kushangaa. Nikakuta makabati, makaratasi na feni iliyozunguka kwa kusitasita. Mashine pekee ilikuwa ya chapa. Faili langu la kwanza lilikuwa la mwavuli wenye tochi kwenye mpini. Asubuhi nzima niliona aibu kwa niaba ya mwombaji. Mchana nikaona aibu kwa niaba yangu, maana nilitaka kumkatalia na sikujua nimwambie kwa sababu gani.

Aliyeniokoa ni Mzee Mgaya, mkaguzi mkongwe wa chumba chetu. Alikuwa mtu wa Njombe, na miaka yote aliyoishi kwenye joto la Dar es Salaam hakuwahi kuvua sweta. Alikuja na kikombe chake cha chai, akasoma ombi la mwavuli, akaniuliza shida yangu. Nikamwambia kitu hiki ni upuuzi. Akasema upuuzi si sababu ya kisheria, na kama ingekuwa sababu tungefunga ofisi.

Najua haya mtawasomea wake na waume zenu, basi niwaeleze na wao. Hataza ni haki anayopewa mvumbuzi ya kuwazuia wengine wasitengeneze kitu chake kwa muda uliowekwa. Ni haki kubwa, kwa hiyo haitolewi ovyo. Kwanza kitu kiwe kipya. Pili kiwe na matumizi. Tatu, na hapa ndipo watu wanapogombania mashati, kisiwe dhahiri. Yaani kisiwe kitu ambacho fundi yeyote mwenye ujuzi wa kawaida angekifikia bila kuumiza kichwa. Mwavuli upo, tochi ipo, kuvifunga pamoja ni kazi ya uzi.

Lakini Mzee Mgaya hakunifundisha kukataa. Alinifundisha kuogopa kukataa. Alinitegea kitendawili: nyumba yangu haina mlango. Nikajibu papo hapo kwamba ni yai. Akaniuliza kama nililifikia jibu kwa akili yangu au niliambiwa nikiwa mdogo. Nikakiri niliambiwa. "Basi ndivyo ilivyo," akasema. "Kitendawili kikishateguliwa, kila mtu alikuwa anajua. Na wewe kila siku utaletewa swali likiwa na jibu lake mkononi."

Ndiyo maana alikuwa na utaratibu wake. Akipokea faili alisoma ukurasa wa mwanzo tu, pale mwombaji anapoeleza shida iliyomsumbua. Kisha alilifunga, akanywa chai, akaandika kwenye karatasi yake njia zote ambazo fundi wa kawaida angezijaribu. Baadaye ndipo alipolifungua tena na kuona mwenyewe alifanya nini. Nimeufuata utaratibu huo mpaka siku ya mwisho. Vijana mnaokwenda moja kwa moja kwenye michoro, najua mnaniona mshamba, lakini jaribuni siku moja.

Kile kiti kitupu karibu na dirisha, ambacho mgeni akitaka kukikalia tulikuwa tunamwambia kina mwenyewe, kilikuwa cha huyo fundi. Mzee Mgaya alimpa jina la Fundi Kawaida. Alisema Fundi Kawaida amesoma kila kitu kilichoandikwa duniani, ameona kila kitu kilichofanywa mbele za watu, na hajawahi kuwaza jambo jipya tangu azaliwe. Tukibishana tulikigeukia kiti na kuuliza, "Fundi, wewe ungefanya hivi?" Kuna mfagizi mmoja aliyeacha kuingia chumba chetu peke yake.

Kwa kuwa nilikuwa mwanamke pekee katika sehemu ya mitambo, maombi yote ya vyombo vya jikoni yakawa yanatua mezani kwangu, kana kwamba wanaume wa ofisi ile walikuwa hawali. Mwanzoni niliudhika. Baadaye nikayapenda kuliko pampu na matreta, kwa sababu jikoni ndiko watu wanakovumbua wakiwa na haraka. Nilikagua kibao cha chapati chenye mkono wa kukandamiza, mashine ya kuparua mihogo, sagio la viungo lililopiga mluzi likijaa. Alikuja bwana mmoja na sufuria ya pilau yenye vifuniko viwili, akaitetea kwa machozi. Nilimwandikia kwa adabu zote, lakini sufuria yenye vifuniko viwili ni sufuria yenye vifuniko viwili. Nadhani ni wakati huo mliponibandika jina la Bi Dhahiri. Mlidhani silijui.

Siwezi kuwaeleza jinsi ninavyoukumbuka ule wakati wa kutafuta. Kwanza makabrasha na kioo cha kukuzia maandishi, halafu kompyuta zilizowaka kwa hiari yao. Unatafuta kama kuna mtu, mahali popote, aliyekwisha kufanya jambo hili. Siku nzima unasoma akili za watu waliokwisha kufa, waliohangaika na mfuniko unaovuja kama huyu wako anavyohangaika. Nilikuwa nikitoka jioni najiona nimetembelewa na wageni wengi. Hilo nimelikosa sana huku.

Mzee Mgaya alikuwa amekwisha kustaafu na kurudi kwenye baridi yake lilipokuja ombi ambalo ndilo hasa nililoketi kuandika. Lilikuwa la mashine ya kukamua tui. Mwombaji aliitwa Athumani, fundi wa kuchomelea, na anwani yake ilikuwa Bungu. Mnajua Bungu ni njia ya kwetu, si mbali na hapa. Nilipoliona jina la mahali moyo ulicheza kidogo, nikaukanya.

Nikasoma shida kwanza. Mpishi wa shughuli kubwa ana nazi nyingi za kukamua. Mashine zilizopo zinasukuma nazi iliyokunwa kutoka juu kwa parafujo, zinaponda machicha, tui linatoka na chengachenga, na mpishi anaishia kulichuja upya. Halafu machicha yanashikana donge, kwa hiyo ukitia maji ili upate tui la pili, maji hayaingii. Nikafunga faili, nikaandika njia zangu. Niliandika vyujio vidogo zaidi, roli mbili, shinikizo la polepole. Nilipofungua nikakuta Athumani hasukumi kabisa. Nazi inatiwa kwenye mfuko wa kitambaa kigumu, mfuko unashikwa juu na chini, mota inauzungusha ule wa chini, mfuko unajisokota, tui linashuka safi. Kisha mota inarudi nyuma, mfuko unafumuka, na vidole vya chuma vilivyo ndani vinayapiga machicha yaachane ili yapokee maji. Nilicheka peke yangu kwa furaha. Ilikuwa kazi nzuri.

Shida ilikuwa madai. Mwajua madai ni ule ukurasa ambapo mwombaji anachora mpaka wa anachokitaka kiwe chake. Wakala wake, kijana wa mjini mwenye suti na sauti nzuri, alikuwa ameuchora mpana. Dai la kwanza lilitaka kukamua tui kwa kusokota mfuko, kwa chombo cha aina yoyote. Vile vidole vya kufumua machicha alivitupa mwishoni kabisa, dai la saba, kama mtu anavyotaja shemeji wa mbali. Na alikuwa na sababu ya kutaka upana huo. Athumani alikuwa ameipeleka mashine yake kwenye maonyesho baada ya kuleta ombi, na karakana moja ya mjini ikaitazama vizuri, ikaanza kuunda zake. Za kwao zilisokota tu, hazikuwa na vidole. Bila dai la kwanza, Athumani asingeweza kuwazuia.

Nilitafuta mpaka macho yakaniuma. Parafujo nilizikuta, roli nilizikuta, hata moja ya kukanyaga kwa miguu. Ya kusokota sikuiona mahali popote. Neema, mwenzangu wa meza ya pili, akaniambia basi mpe, umetafuta na hukupata.

Lakini mimi ni mtoto wa Mtunda. Nimekua nakuna nazi juu ya mbuzi na kuikamua kwa kifumbu, ule mfuko mdogo wa ukindu, unaubana kwa mikono mpaka viganja vinauma. Na katika kumbukumbu zangu kulikuwa na kitu kingine, kifumbu kikubwa kinachoning'inia, mwanamke akikizungusha kwa mti, watoto tumekaa pembeni tukingoja kupewa machicha. Niliona wapi, harusi ya nani, sikukumbuka. Wenzangu wote mle ofisini wasingeweza kukumbuka hata hicho, maana kwao tui linakaa kwenye pakiti.

Mzee Mgaya aliwahi kuniambia kwamba mkaguzi hamkatalii mtu kwa kumbukumbu zake mwenyewe. Ukisema jambo lilikuwa linafanyika hadharani kabla ya ombi, mlete anayelifanya. Nikamwendea mkuu wa idara, nikamwomba ruhusa ya kwenda kutazama. Akauliza kama nakwenda kazini au nakwenda kula kwetu. Nikasema vyote viwili.

Nilipita Bungu bila kushuka. Karakana ya Athumani nilikuwa nikiijua kwa anwani tu, lakini nikaiona kwenye dirisha la basi, jina lake limeandikwa juu ya mlango, geti la bluu limeegemezwa ukutani na cheche zinaruka. Mkaguzi haendi kupiga soga na mwombaji, kwa hiyo nikageuza uso kama mtu anayemkwepa mdai.

Mtunda nikafikia kwa shangazi yangu. Nilipomuuliza habari ya kifumbu cha kuning'iniza alinitazama kwa huruma, akahisi mjini kumeniharibu. Akasema siku hizi wengi wamekiacha, ila anayejulikana kwa hicho yuko Dimani, Bi Somoe, mpishi wa shughuli, na ukitaka kumwona usiende nyumbani kwake, nenda kwenye harusi. Ijumaa iliyofuata palikuwa na harusi hukohuko Dimani.

Nilimkuta uwanjani, nyuma ya nyumba ya harusi, kati ya mafiga na masufuria. Mwanamke mkavu, kanga kiunoni, anaamuru wapishi wenzake kwa kidevu. Mti ulilazwa juu ya panda mbili, na kwenye mti kimefungwa kifumbu kirefu kama mguu wa suruali. Chini yake kitanzi cha kamba, ndani ya kitanzi mti mfupi. Bi Somoe aliushika ule mti mfupi, akauzungusha na kuuzungusha. Kifumbu kikajisokota, kikawa chembamba, tui likatiririka jeupe, zito, bila chenga. Nikajua nimelipata nililolifuata, na roho ikaniuma. Nilikuwa nimeipenda ile mashine.

Nikaendelea kutazama. Alipomaliza alikifungua, akayamwaga machicha kwenye ungo, wapishi wawili wakakaa kuyafikicha kwa vidole, kisha wakatia maji ya vuguvugu na kuyarudisha. Hapo kazi ilisimama kwa kitambo kirefu. Hapakuwa na kitu cha kuyafumua ndani ya kifumbu. Nikakumbuka dai la saba, lile la shemeji wa mbali.

Wali ulipokwisha kupaliwa makaa nikamwamkia, shikamoo mama, akaitikia marahaba bila kunitazama. Nikajieleza natoka ofisi gani. Nikamwambia kuna mtu ameomba haki juu ya mashine inayokamua kwa kusokota, na mimi ninatafuta mtu wa kusema kwamba kusokota kulikuwapo. Akaniuliza mtu gani. Ombi lilikuwa limekwisha kutangazwa, halikuwa siri tena, nikamtajia jina.

Akapangusa mikono kwenye kanga.

"Athumani wa Bungu, fundi?" akauliza. "Huyo mwanangu mimi."

Ningepaswa kukisia. Mtu hatoi wazo hewani. Nilikuwa nimesoma anwani yake ya karakana, sikujiuliza alikolelewa. Na yeye mwenyewe, nina hakika, hakuwa ameiba wala kuficha kitu. Alikua anaona mama yake akisokota kama anavyoona jua likichomoza, na mtu haandiki kwenye ombi la hataza kwamba jua linachomoza. Wakala wake naye hakuwahi kumuuliza nyumbani kwenu mnakamuaje.

Nikamwambia Bi Somoe halazimiki kusema lolote, naweza kutafuta mpishi mwingine. Akasema mwingine yupi, wote amewafundisha yeye. Habari ya mashine aliijua. Ya kwanza kabisa aliletewa yeye aijaribu, akairudisha kwa kuwa ilivuja. Alijua pia habari ya karakana ya mjini. Akaniuliza polepole, kama anayepima chumvi.

"Nikisema, mwanangu atapoteza?"

"Atapoteza sehemu kubwa."

"Na nisiposema?"

"Atapata yote, mpaka siku atakapotokea mwingine wa kusema."

Alitazama uwanja mzima, wapishi, wasichana wa maji, wazee waliokuwa wakitandika mikeka. "Watu wote hawa wameniona toka wangali wadogo," akasema. "N'taanzaje kusema sijui? Andika. Lakini usimwambie nilisema kwa furaha."

Nikaandika maelezo yake, nikamsomea, akatia dole gumba. Wapishi wenzake wawili wakatia na wao. Nilipewa sahani ya wali, nikaila kwa shida.

Niliporudi niliandika barua ya kukataa dai la kwanza na mengine yaliyolifuata, nikabakisha la saba. Neema, aliyekuwa akitaka nimpe yote, sasa akataka nimnyime yote. Ndivyo walivyo vijana hodari. Akasema hata la saba ni dhahiri, kwani mashine za kufulia zinazunguka mbele na nyuma tangu zamani. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Nikakielekea kile kiti, nikasema Fundi Kawaida amesimama Dimani, mbele ya ungo, anaona wapishi wawili wanafikicha machicha kwa vidole. Je, atawaza kufua nguo? Wanawake wa kwetu wamefikicha vizazi na vizazi, na wengine mashine za kufulia wameziona, hakuna aliyezihusisha. Aliyehusisha ni mmoja. Neema akasema, haya, Bi Dhahiri. Ndipo nilipojua lile jina.

Hapo ndipo nawaomba msimame kidogo. Kukataa si kisu cha kukatia mkate wote. Mtaka yote kwa pupa hukosa yote, na mawakala wengi hawaisikii hiyo methali, basi ni juu yako mkaguzi kutafuta kama chini ya madai mapana kuna kitu kidogo ambacho ni cha mtu kweli. Ukikiona, kilinde dhidi ya wenzako kama ulivyoyapiga vita yale mengine.

Athumani akaomba kusikilizwa, kama sheria inavyomruhusu. Walikuja asubuhi, yeye na wakala wake. Ndiyo mara ya kwanza kumwona uso kwa uso. Mtu wa makamo, mfupi, mikono ina madoa ya kuungua, shati limepigwa pasi mpaka kola imesimama. Akaniamkia kwa adabu. Mkuu wa idara aliketi kichwani mwa meza, mimi upande huu, wao upande ule. Nilimsomea sababu zangu. Nilipofika kwenye jina la Bi Somoe sikuinua macho.

Wakala hakuwa mjinga. Alisema hakuna karatasi hata moja duniani inayoonyesha kukamua kwa kusokota, na hiyo ilikuwa kweli. Akasema ushahidi wote umesimama juu ya mtu mzima mmoja na wanafunzi wake. Kisha akasema jambo ambalo lilinifanya niweke kalamu chini. Mashine ya kwanza ya Athumani ilipelekwa kwa mama huyo aijaribu, faraghani, kabla ya ombi. Je, haiwezekani kwamba alianza kusokota baada ya kuiona? Umri umekwenda, huenda amechanganya lipi lilitangulia. Kama ni hivyo, basi si mwana aliyeiga kwa mama, ni mama aliyeiga kwa mwana, na dai la kwanza linasimama.

Sheria ilikuwa upande wake. Maelezo ya Bi Somoe yalisema amesokota tangu ujana, lakini yakikabiliwa na neno la mwanawe, mvumbuzi mwenyewe, ningebaki na nini? Mkuu wa idara alinitazama. Wakala akamgeukia mteja wake.

"Fundi, si ndivyo ilivyokuwa? Mama aliiona mashine kwanza?"

Alichotakiwa kusema ni ndiyo. Hakuna ambaye angekwenda tena Dimani kutafuta wa kumsuta. Angetoka pale na haki ya kuisimamisha ile karakana ya mjini, jambo alilokuwa akilililia tangu maonyesho. Nilimwona akiitazama mikono yake. Nilitamani, na hili nalisema waziwazi kwa kuwa sasa hamna wa kuniadhibu, nilitamani aseme ndiyo ili mimi nisiwe niliyemvunja.

"Hapana," akasema Athumani. "Mimi nimezaliwa nimemkuta anasokota."

Wakala alimgusa mkono chini ya meza. Athumani akautoa taratibu. Akasema mama yake hajachanganya kitu, yaandikwe kama alivyosema. Mkuu wa idara akamuuliza kama anaelewa maana ya jibu lake. Akasema ameelewa, yeye ni fundi, anajua kitu kikikatika.

Ikabaki kuandika. Dai la kwanza lilikataliwa kwa kuwa jambo lilikuwa likifanyika hadharani Dimani kabla ya ombi, yaliyolitegemea yakakataliwa kwa kuwa ni dhahiri, na la saba likapita. Karakana ya mjini iliendelea kusokota, hakuna aliyeweza kuizuia, ila vidole vya kufumua machicha haikuweza kuvigusa. Kama hilo lilimtosha Athumani sijui. Habari za wateja haziandikwi katika mafaili yetu.

Asubuhi ile baada ya kikao nilitoka kwenda kunawa uso. Sikulia, nilikuwa karibu. Niliporudi nikamkuta Athumani yuko kwenye korido, amesimama karibu na ngazi, simu sikioni, mgongo ameugeuzia watu. Ningepita. Nikasikia anamtaja mama, miguu ikakataa.

"Wamekata lile kubwa," alikuwa akisema. "Eeh. Dogo wameniachia... Hapana mama, si wewe. N'mewaambia mimi mwenyewe." Akahamishia simu sikio la pili. "Sina hasira. Ningekuwa na hasira ningekupigia? Dada kanambia tangu uliposikia nimeitwa huku hutii kitu mdomoni. Mwambie akupakulie sasa hivi."

Akasikiliza kwa muda mrefu, kichwa kimeegemea ukuta.

"Haya," akasema. "Ukila na mimi n'takula."